Vitambaa Thelathini na Sita

Tarehe 4 Februari

Mjukuu wangu, mke mwenzangu usiye na haya,

Salamu zako zimefika, nami nakurudishia zangu. Mimi mzima, ila goti la kushoto limejitenga nami, linafanya mambo yake. Shangazi yako hajambo, anakoroma mchana kama kawaida yake na kukataa kuwa anakoroma. Kuku wa jirani wameingia tena bustanini kwangu, nikawaambia maneno ambayo siwezi kuyaandika. Hiyo ndiyo habari ya nyumbani.

Sasa tuje kwako. Barua yako nimeisoma mara tatu. Ya kwanza sikuamini, ya pili nilitafuta miwani, ya tatu nikakasirika. Yaani wewe, mjukuu wa mwanamke aliyesimama miaka ishirini na saba katika chumba cha mvuke cha kliniki ya wanyama, unaniuliza kama mnyama anayepasuliwa umfunike kwa kitambaa au kwa karatasi ya kutupa? Mtu amekuletea mbwa wake umpasue tumbo, wewe unamfunika gazeti! Ukimaliza unalikunjakunja unalitupa, kesho unafungua jingine. Hiyo kazi au sherehe?

Sikiliza. Mimi shule niliishia mlangoni. Kusoma nilijifunzia kwenye chupa za dawa, herufi moja moja, Daktari Mzee akinisahihisha huku mkono wake umo ndani ya ng'ombe mpaka begani. Lakini kitambaa nakijua. Kwanza maji baridi, maana damu ikikutana na maji ya moto inahamia moja kwa moja. Kisha sabuni, kisha jua, kisha pasi, kisha kukunja, ndipo kiingie pipa la mvuke kuuliwa wadudu wasioonekana. Na hapo kwenye kukunja ndipo anapojulikana mtu. Kaza. Bana kwa goti. Furushi langu lilikuwa gumu kama tofali, wageni waliletwa kulitazama. Kitambaa kilegevu kimekunjwa na mtu mlegevu. Nilikufundisha hayo ukiwa na miaka sita, kwa leso zangu mwenyewe, usijifanye umesahau.

Jana mchana usingizi ulinichukua kitini, nikakiona kile chumba. Mvuke umejaa hata kuta hazipo, vitambaa vinaelea taratibu kama vinatafuta wa kumfunika. Ng'ombe mmoja amesimama katikati, anatafuna, ananitazama kama anangoja nimwambie kitu. Nikaamka na harufu ya sabuni puani.

Basi nikaingia kazini. Nimekushonea vitambaa thelathini na sita, pamba nzito, pindo mara mbili, vingine vina tundu la katikati la kupasulia. Vinakuja na mwenye basi. Pokea mwenyewe, usimtume mtu.

Na simu usinipigie. Maneno ya simu hayana pa kukaa.

Bibi yako, ningali hai.


Tarehe 27 Februari

Bibi yangu,

Shikamoo. Pole na goti, msalimie shangazi, na kuku wa jirani wasamehe. Mimi mzima. Nimekonda kidogo, usianze.

Vitambaa vimefika. Nilipofungua mfuko, chumba kizima kikanuka nyumbani.

Nikueleze kliniki yangu ilivyo. Mbele kuna baraza lenye mabenchi mawili, watu hukaa hapo na wanyama wao, wote wakiangaliana kwa mashaka. Kisha chumba cha kupasulia, meza ya chuma na dirisha moja la juu. Nyuma kabisa kuna chumba cha mvuke. Humo nimemkuta mfuaji wa siku nyingi, mwanamke mmoja wanamwita Bi Mapovu. Ungempenda. Anafua huku anagombana na nguo.

Nimeamua hivi. Sindano na glavu ni za mara moja, zikishatumika zinaingia kwenye boksi gumu la kutupa, na hapo sibishani hata na wewe. Lakini hizo karatasi za kumfunikia mnyama nimezijaribu wiki mbili. Paka alizichana kabla dawa ya usingizi haijamkolea. Zikilowa zinakuwa uji. Shimo la taka nyuma limejaa, tukizichoma majirani wanakohoa mpaka kwenye baraza langu. Basi vitambaa vyako vimeshinda, furahi.

Bi Mapovu alivikunja kilegevu, kama anamtandikia mtoto mchanga. Nikamwonyesha kukunja kwako, kwa goti. Akanitazama weee. "Daktari, mbona unavinyonga?" Nikamwambia, "Ndivyo alivyofanya Bibi yangu miaka ishirini na saba." Akasonya. Sasa anavibana ninavyotaka.

Bibi, saa za adhuhuri hapa ni kama ndani ya maji. Mnyama amelala, kitambaa cheupe kimemfunika kote, dunia yote imebaki lile tundu dogo la katikati na mkono wangu. Kisha miguu ya mbwa inaanza kukimbia usingizini, polepole. Wanakimbilia wapi?

Ile picha yako na Daktari Mzee nimeitundika ukutani. Pembeni yako kuna mwanamke mwembamba ameshika kuni. Ni nani yule?

Mjukuu wako.


Tarehe 16 Machi

Mke mwenzangu,

Marahaba. Nimefurahi, ila sitalirudia neno hilo. Huku tu wazima wote, goti limepumzika, shangazi yako amenunua miwani ya jua na hatoki nje.

Sindano zitupe. Sisi tulichemsha za kioo, na sindano yenyewe tukainoa kwenye jiwe ikishakuwa butu. Lakini haya, hata mimi sindano iliyotoka kwa mbwa wa mtu sipendi iingie kwa mbuzi wangu. Glavu tuliziosha, tukazipaka poda, tukazianika kambani. Upepo ukija zilijaa hewa, mikono kumi na miwili inatupungia pamoja. Watoto wa shule walizunguka njia ndefu wasipite pale. Mimi nilipenda kuzitazama. Nilikuwa nikizipungia nami, kama hakuna mtu.

Huyo Bi Mapovu na msonyo wake mwache asonye. Akaze tu.

Unauliza wanyama wanakimbilia wapi usingizini. Wanakimbilia kule walikokuwa kabla hawajafungwa kamba. Daktari Mzee alisema ni dawa tu inafanya hivyo. Alisoma sana yule, ndiyo maana mengine hakuyajua.

Picha ni picha. Huyo mwembamba tulimwita Kijiti. Aliwasha moto wa pipa la mvuke. Akaondoka. Mwanga umepungua hapa, naishia.

Bibi yako.


Tarehe 20 Aprili

Bibi,

Shikamoo. Natumaini nyumbani ni salama. Huku si salama, nisikufiche.

Wanyama watatu niliowapasua mwezi huu wametunga usaha. Paka wa fundi cherehani amepona kwa taabu. Mbuzi mmoja bado anahema vibaya. Mbwa wa mlinzi wa ghala amekufa. Mlinzi alimleta mgongoni kama mtoto, akamrudisha hivyohivyo. Afadhali angenitukana. Mtaani wamekwisha kunipa jina: daktari wa usaha. Watu wakiendelea kupita mbali na mlango wangu, kliniki hii itafungwa kabla ya mwaka kwisha.

Nimekagua kila kitu. Kuna vikaratasi maalumu, mvuke wa kutosha ukivigusa vinageuka vyeusi. Mimi hubandika kimoja juu ya kila furushi, na kila mara kinatoka cheusi tii. Kwa hiyo pipa ni zima na mvuke upo. Kilichobaki ni mikono. Ama mfuaji anayafungua mafurushi kabla ya wakati, ama anayaweka penye unyevu. Bi Mapovu anaapa hajafanya hivyo. Nilimgombeza, Bibi, na watu walikuwa wamejaa barazani. Nilisema, "Huyu ndiye anayeua wanyama wenu, si kisu changu." Nilikuwa na hasira.

Nimeamua kurudi kwenye karatasi za kutupa. Na kwenye karatasi mfuaji hana kazi, kwa hiyo nimemwambia mwisho wa Mei aondoke.

Lakini nakuuliza wewe kwanza. Umekaa na mvuke miaka yote hiyo. Kuna jambo nisilolijua? Kama lipo niambie kabla ya Mei kwisha.

Mjukuu wako, aliyechoka.


Tarehe 9 Mei

Mjukuu,

Marahaba. Sote wazima. Mvua imenyesha, bustani imelowa, kuku hawaji.

Pole na mbwa wa mlinzi.

Nunua karatasi zako. Dunia imebadilika, mimi ni mtu wa zamani, nitajua nini. Kila daktari na kliniki yake.

Usingizi wa mchana umenikataa siku hizi. Nikifumba macho namwona mbwa amelazwa juu ya meza, nakwenda kumfunua, chini ya kitambaa kuna kitambaa, na chini yake kingine, nafunua, nafunua, simfikii.

Goti linaniuma. Naishia.

Bibi.


Tarehe 24 Mei

Bibi,

Shikamoo.

Hukunijibu. Wewe, mwenye jibu mpaka la jinsi ninavyochana nywele, umeniandikia "nitajua nini". Nimeisoma ile barua nikadhani kaiandika shangazi.

Bi Mapovu hakungoja mwisho wa mwezi. Jana alifunga ndala zake kwenye gazeti akaondoka mchana kweupe, barazani watu wanamtazama, na hakuna aliyemuaga kwa neno. Vitambaa vyako vyote thelathini na sita ameviacha vimefuliwa na kupigwa pasi. Mlangoni alinigeukia, akasema, "Daktari, mvuke si mwizi. Palipobanwa haupenyi." Kisha akaenda zake.

Alikuwa na maana gani? Unajua. Nakujua ukinyamaza.

Mjukuu wako.


Tarehe 2 Juni

Mjukuu wangu,

Marahaba. Leo sina habari za kuku. Kaa chini usome, na usinikatize.

Alikuwa na maana kwamba mimi ndiye mkosaji.

Furushi likikazwa kama tofali, mvuke unaliunguza nje, lakini katikati haufiki. Hewa imebanwa humo, haina pa kutokea, basi mvuke nao hauna pa kuingilia. Wadudu wa katikati wanatoka wazima kama walivyoingia, wamestarehe. Na kitambaa cha katikati ndicho unachokilaza juu ya kidonda. Kikaratasi chako umekibandika nje, na nje ni kweusi siku zote. Kitie katikati kabisa ya furushi, uone.

Nalijua hilo tangu zamani. Sasa nikwambie nilivyolijua.

Mwaka mmoja kwetu wanyama walitunga usaha kama kwako. Ng'ombe wawili wakafa, na mbwa wa mwalimu. Daktari Mzee akatuita uani, wote, dereva, wafagiaji, wenye kushika wanyama. Akauliza, "Ni kukunja au ni moto?" Kama ni kukunja, ni mimi. Kama ni moto, ni Kijiti. Wote wakanitazama mimi, maana mimi ndiye niliyekuwa na sifa. Nikasema, "Moto." Neno moja, tena fupi.

Kijiti akasema, "Moto wangu haujawahi kusinzia." Hakuna aliyemsikiliza. Alikuwa mtu wa kuni, na mimi mafurushi yangu yalitazamwa na wageni. Jioni ileile akaambiwa asirudi.

Siku ile sikujua kuwa nasema uongo, naomba uniamini hapo. Nilikuwa sijui, ila nilichagua. Lakini miezi saba baadaye, furushi limetoka pipani linafuka, nikachomeka kidole katikati. Nje linaunguza. Ndani baridi kama sakafu asubuhi. Nikasimama pale na kidole changu ndani ya furushi, mvuke umenizunguka hata miguu yangu siioni, nikaona ni kama nimesimama juu ya wingu na wingu linaniuliza, sasa je?

Sikusema. Tangu hapo nikakunja kilegevu ndani, na kile kitambaa cha juu cha kufungia nikakikaza sana, ili furushi lionekane tofali lilelile. Wanyama wakapona. Sifa zikabaki. Na wewe ulipofika miaka sita ukanijia na macho yako makubwa, "Bibi, nifundishe tofali lako," nikakufundisha lile la sifa. Ningekufundishaje lile jingine bila kueleza? Hata Februari nilipokuandikia, mkono ulikwenda wenyewe. Uongo ukikaa sana ndani ya nyumba mwishowe unapewa jina la ukoo.

Barua yako ya Aprili niliielewa nikiwa bado nimesimama mlangoni. Nikaitia chini ya mto. Hapo ndipo nilipompoteza Bi Mapovu wako, mimi niliyekwisha kumpoteza Kijiti.

Kunja kilegevu, mkono uweze kuingia. Ndani ya pipa simamisha mafurushi kwa ubavu, yaachiane nafasi kama ndugu walionuniana. Kisha nenda ukamrudishe yule mama.

Usiniandikie maneno ya kunifariji. Sijayaomba.

Bibi yako.


Tarehe 19 Juni

Bibi,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako nikiwa barazani, baraza tupu, mabenchi mawili na mimi.

Nilifanya ulivyosema. Furushi la tofali: kikaratasi cha nje cheusi, cha katikati kimetoka cheupe kama kilivyotoka kwenye boksi. Nikakaa nacho mkononi mpaka chai ikapoa. Furushi legevu: nje cheusi, ndani cheusi. Bi Mapovu alikuwa akifanya sawa kabla sijafika. Mimi ndiye niliyemharibia mkono. Na nilikagua kila kitu, Bibi, ila kukunja. Kukunja kulikuwa kwako, na cha kwako hakikosei.

Sikufariji. Nimekasirika nawe. Nimekasirika pia kwamba nakupenda palepale.

Jana nilikwenda kwa Bi Mapovu. Anafulia watu nguo nyumbani kwake. Nilisimama mlangoni, nikamwambia kwa sauti ya chini kwamba nilikosea, kwamba haikuwa mikono yake, arudi. Hakuinua kichwa kwenye beseni. Akasema, "Nimesikia." Nikangoja. Akasema tena, "Nimesikia, Daktari. Nenda salama."

Hakuja leo. Karatasi za kutupa zimerudi mezani, zinapasuka, nami nafunga kliniki mapema.

Wewe ulifanyaje na Kijiti?

Mjukuu wako.


Tarehe 11 Julai

Mjukuu wangu,

Marahaba. Hasira yako nimeipokea, ni ya haki, iweke akiba.

Unauliza nilifanyaje na Kijiti. Sikufanya kitu, ndilo jibu. Na nikwambie jambo ambalo hata shangazi yako halijui: Kijiti anakaa mtaa wa pili kutoka hapa. Miaka thelathini na mmoja nimekwenda dukani kwa njia ya nyuma, ile ya matope, nikawaambia watu napenda kivuli.

Barua yako ilipofika nilivaa viatu. Nikapita njia ya mbele. Ilikuwa alasiri, jua limelala juu ya kuta, mitaa imenyamaza, nikajiona kama natembea ndani ya ile ndoto ya mvuke, kila mlango mweupe, sijui ni upi. Nikabisha mmoja.

"Nani?"

"Mimi. Wa chumba cha mvuke."

"Huyo namjua kwa mgongo tu. Geuka nikuone uso."

Mlango alikuwa ameufungua na nilikuwa nimemwelekea tayari, mjukuu wangu, lakini niligeuka nikazunguka mzima kama kuku aliyelewa. Akacheka. Meno hana. Ni mwembamba vilevile.

Nikamwambia yote, kama nilivyokuandikia wewe. Alikuwa anachambua vifungo vya mashati kwenye bakuli, hakuacha. Nilipomaliza akasema, "Unajua nilikwenda wapi baada ya pale?"

"Sijui."

"Tanuri la mikate. Miaka ishirini na miwili nimewasha moto wa tanuri. Mkate wote uliokula mtaa huu, na wewe umo, umeivishwa na moto wangu. Uliwahi kula mbichi?"

"Sijawahi."

"Basi. Kazi nilipata. Salamu ndiyo sikupata."

Nikasema nimekuja kuomba radhi. Akauliza, "Lile neno ulilisemea wapi?"

"Uani."

"Mbele ya nani?"

"Watu wote."

"Na radhi umeniletea chumbani, tuko wawili, mlango tumeufunga?"

Basi tukatoka. Yeye na fimbo yake, mimi na goti langu, tukaenda mpaka dukani kwa njia ya mbele, watu wawili wazee tunapita mchana kama tumetoka kaburini kununua sabuni. Pale dukani hukaa yule dereva wa zamani wa Daktari Mzee. Nikasimama nikasema, "Moto wa huyu haukuwa na kosa. Furushi langu ndilo lililoua wale ng'ombe. Nilimsingizia." Dereva sasa anasikia kwa sikio moja, akasema, "Rudia, hilo ni bovu." Nikarudia. Kijiti akasema, "Na mwenye duka alikuwa anapima sukari, hakusikia vizuri." Mara tatu, mjukuu wangu! Vijana walidhani nimechanganyikiwa, mmoja akaniletea maji.

Kijiti hakusema amenisamehe. Alisema, "Haya, sasa twende, jua linanichoma," tukarudi.

Basi nawe sikia. Yule mama ulimvua nguo sokoni, unamrudishia chumbani. Atazivaa wapi? Atakaa nazo mbele ya nani? Sindano ikitumika inatupwa, glavu ikitumika inatupwa, na kitambaa kinachemshwa kikarudi mezani. Lakini hata kitambaa hakirudi mezani kwa kunong'onezwa. Nenda barazani kwako. Walewale watu.

Na mlinzi mwenye mbwa awepo. Huyo usimkwepe, maana nakujua, umetoka kwangu.

Bibi yako.


Tarehe 5 Agosti

Bibi yangu,

Shikamoo. Sote wazima. Nimeongezeka mwili, uache kuuliza.

Nilizunguka siku tatu mlango hadi mlango, kwa fundi cherehani, kwa mwenye mbuzi, kwa kila aliyekuwepo siku ile ninayemkumbuka. Niliwaambia waje Jumamosi asubuhi. Bi Mapovu nilimpelekea habari kwa fundi cherehani, sikuthubutu kusimama mlangoni kwake tena. Hakujibu.

Walikuja, wengine kwa kutaka kuona nitalia. Mlinzi wa ghala alikaa benchi la mwisho, mikono imetulia magotini, haina cha kushika. Nikasimama mbele yao. Nikavionyesha vile vikaratasi viwili, cheupe na cheusi. Nikasema, "Mfuaji alikuwa anakunja sawasawa. Mimi nilimlazimisha akunje vibaya, kisha nikamtaja kuwa muuaji mbele yenu. Ni mimi." Nikamgeukia mlinzi nikamwambia, "Mbwa wako alikufa kwa kosa langu." Akainuka, akasema, "Alikuwa anaitika kwa mluzi tu," akatoka. Sikumfuata. Sijui kama nilipaswa kumfuata.

Bi Mapovu hakuwepo. Niliwaangalia wote, mmoja mmoja, sikumwona.

Jumatatu nilikuwa najikunjia mwenyewe, kilegevu kama ulivyoelekeza, nikasikia ndala barazani. Bi Mapovu akapita bila kunitazama. Akaingia chumba cha mvuke, mimi nyuma yake na furushi mkononi, akafungua kabati, akatoa mafurushi yangu yote, moja baada ya jingine, akayafungua. Vitambaa vikafunguka hewani, vyeupe, vikatua taratibu mezani, sakafuni, juu ya pipa, juu ya mabega yake, mpaka chumba kizima kikawa kama kimeangukiwa na mawingu, na yeye katikati anagombana nayo.

Akachukua lile nililokuwa nimelishika, akaliminya kwa vidole viwili.

"Hili nalo bado limebana," akasema. "Sogea, Daktari."

Nikasogea.

Mjukuu wako.